Mkate Juu ya Upinde

*Kambi ya Lilibayo, Sisilia. Siku ya sita, mwezi wa Ziv.*

Kwa mzee wangu Bodashtart, fundi wa pinde, Karthago.

Shikamoo, mzee. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mlangoni pa karakana yako, mbao zako zimekauka vizuri na mgongo umepungua kuuma. Mimi ni mzima, isipokuwa sikio la kushoto linavuma kidogo kwa sababu ya kazi.

Siku ile nilipokuja kumposa Arishat ulisema mtoto wa mwoka mikate haoi kwa fundi wa pinde mpaka avuke bahari na asimame mahali ambapo mtu anaweza kufa. Basi nimevuka, na nimesimama. Kila asubuhi mawe mia mbili yanapita juu ya kichwa changu, wala sikimbii. Jemadari mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba bila mimi wale watu mia mbili wa visiwani, wapiga kombeo wetu, hawafai kitu siku nzima. Sikuongeza hata neno.

Wagiriki wako ng'ambo ya bonde, ndani ya ngome yao. Wanatutukana kwa lugha moja, sisi tunawajibu kwa lugha sita. Msalimie sana Arishat.

Mkweo mtarajiwa,
Shafat mwana wa Muttun

Arishat wangu, kuanzia hapa usimsomee.

Hapo juu hakuna uongo. Uongo siuwezi, unajua masikio yangu yanavyokuwa mekundu. Ila kuna mambo sikuyataja. Siku ya pili baada ya kufika walinipa upinde wanijaribu. Walitundika ngozi ya ng'ombe hatua arobaini mbele yangu. Mshale ukatoka, ukapinda njiani kama mlevi anayetafuta mlango, ukamchoma punda wa mpishi kwenye tako. Wapiga upinde hapa ni arobaini tu. Mkubwa wao akanitazama, akamtazama punda, akasema wataendelea kuwa arobaini.

Mpishi akanichukua mimi badala ya punda. Alipojua kwamba kwetu tunaoka mikate, akanikabidhi watu wa visiwani. Kila mmoja ana kombeo tatu: moja kaifunga kichwani, moja kiunoni, moja iko mkononi. Moja ya mbali, moja ya karibu, moja ya katikati. Na hawa watu mama zao hawakuwapa mkate mkononi hata siku moja. Mama anautundika juu ya nguzo, mtoto anaupiga kwa jiwe. Ukianguka ni wake, usipoanguka shauri yake. Sasa ni wazee wenye ndevu na wajukuu, na bado mkate wa kupewa hawaugusi. Wanauita mkate wa mgonjwa.

Basi kazi yangu ndiyo hiyo. Natundika mikate juu ya nguzo, nainama, wanapiga. Nainuka, natundika mingine, nainama. Mara moja nilichelewa kuinama, ndiyo habari ya sikio.

Nakupenda. Usicheke.
Shafat

*Karthago. Siku ya pili, mwezi wa Hiyar.*

Shafat,

Barua yako nimesomewa. Nimefurahi kidogo. Sijafurahi sana, kwa sababu sijasikia mahali popote neno upinde.

Mawe ni ya kufukuzia ndege kwenye mitini. Mimi baba yangu alichonga pinde, babu yangu alichonga pinde, na siku hizi mji huu wa wafanyabiashara ukitaka vita unakwenda kukodi watupa mawe visiwani na wapanda farasi wa Numidia wenye mikuki ya kurusha. Pinde wanasema ni chache zinatosha. Nina pinde thelathini ukutani, zinanitazama nikila. Halafu mkwe wangu naye anasimama kati ya watupa mawe na kujisifu.

Nimempa nahodha anayeleta barua hii upinde wangu mwenyewe. Nimeuchonga miaka miwili. Pembe yake ni ya mbuzi wa mlimani, mti wake sikwambii niliupata wapi. Hakuna mtu aliyeupiga. Utarudi nao mkononi kabla ya sikukuu ya zabibu, na utanieleza umemfanyia nini adui. Ukirudi bila upinde, usipite mtaa wangu.

Gersakun mtia rangi amekuja juzi na nguo ya zambarau kwenye sahani. Anamtaka Arishat. Sikumkubalia. Sikumkataa pia.

Bodashtart

Shafat, hayo ni ya baba, nimeyaandika kama alivyoyasema, nimepunguza matusi tu. Hapa chini ni yangu. Kuanzia sasa ukimaliza ya baba chora samaki, ili nisije nikapitiliza kwa bahati mbaya. Safari hii nilifika mpaka kwenye "Arishat wangu" kabla sijajikohoza.

Nilicheka. Niliingia ghalani nikacheka huko, nikatoka nikamwambia baba ni vumbi.

Sasa sikiliza, hili si la kucheka. Baba hatanii. Gersakun anakuja kila siku ya tatu, anakaa kwenye kigoda changu, anasifia pinde ambazo hazijui. Ni mtu mpole, sina la kumshtaki, ila kila akiondoka tunafungua madirisha. Nikiolewa naye nitanuka konokono wa bahari, wale anaowakamua rangi, mpaka kaburini, na watoto wangu watakuwa na mikono ya zambarau. Mimi nakutaka wewe unayenukia mkate. Rudi na huo upinde. Upige usipige, mimi sijali, ila urudi nao mzima.

Arishat

*Lilibayo. Siku ya kumi na tisa, mwezi wa Karar.*

Shikamoo, mzee wangu Bodashtart.

Upinde umefika. Watu wamekuja kuutazama kutoka mahema yote, hata wale arobaini wapiga upinde walishika videvu. Mkubwa wao aliuliza kama fundi aliyeuchonga bado yu hai. Nilimwambia yu hai na ana hasira. Akasema inaonekana.

Nina habari kubwa. Tumepigana, tumeshinda, na tumeshinda kwa sababu ya upinde wako. Jemadari amelisema hili mwenyewe. Wagiriki walitoka ngomeni asubuhi na ngao zao kubwa, bega kwa bega. Wapiga upinde wetu wakatupa mishale yao, ikaganda kwenye ngao kama miiba ya nungu, Wagiriki wakaendelea kutembea. Ndipo watu wa visiwani wakatoka mbele. Sijawahi kuona. Jiwe halihitaji kupita kwenye ngao, mzee. Linavunja mkono ulioishika. Wakavunja mitulinga ya mabegani, wakabonyeza kofia za shaba, kisha wakarudi nyuma kupitia nafasi kati ya safu zetu, na Wanumidia wakaingia kwa farasi kutoka ubavuni wakimalizia kwa mikuki. Adhuhuri vita vilikuwa vimekwisha. Mimi nilikuwa nawabebea mawe, mkoba mmoja kila bega, nikienda mbele na kurudi. Nilikwenda safari nne.

Jemadari alimwuliza Nispal, mkubwa wa watu wa visiwani, leo mmepata wapi ukali huu. Nispal akanyoosha kidole kwenye upinde wako.

Mkweo,
Shafat

(Hapa ni samaki. Najua anafanana na kiatu.)

Arishat, kaa chini.

Usiku wa kuamkia vita kulikuwa na baridi, na Wagali, askari wenzetu wa kukodi, waliiba nguzo zangu zote za mkate wakazifanya kuni. Asubuhi nina mikate na sina pa kuitundika. Watu mia mbili wamejipanga wananitazama. Nikawapa mkononi, nikawaambia jamani, kwa leo tu. Nispal akanirudishia wake kwa heshima, akaniuliza kama nimemwona anakohoa.

Sina mti, sina mkuki, uwanda wote ni mawe matupu. Nikauchukua upinde wa baba yako, nikauchomeka ardhini, nikatundika mkate juu yake. Walisimama mbali, ni mafundi, nikajiambia watapiga mkate tu. Na kweli wa kwanza alipiga mkate. Wa pili alipiga mkate. Wa tatu ni mpwa wake Nispal, ambaye siku zile alikuwa na jino linamuuma.

Umevunjika katikati, Arishat. Ulilia kama mtu. Palepale tarumbeta ikalia kwamba Wagiriki wanatoka. Kwa hiyo walikwenda vitani watu mia mbili wenye njaa, ambao mkate wao wameuacha chini na hawaruhusiwi kuuokota kwa sababu haukuangushwa na jiwe, na kati yao na kifungua kinywa kuna Wagiriki. Ndiyo siri ya ukali wote ule. Ndicho Nispal alichokuwa anamwonyesha jemadari.

Vipande vyote viwili ninavyo, nimevifunga kwenye kanzu yangu. Usiku sipati usingizi nikifikiria uso wa baba yako. Sijui nifanye nini. Mwambie upinde umekaa salama; ni kweli, umekaa, haujakwenda popote. Na huyo Gersakun wako akija na harufu yake ya konokono waliooza mwambie kigoda kimevunjika. Nikimfikiria amekaa hapo natamani ningekuwa najua kurusha jiwe.

Wako,
Shafat

*Karthago. Siku ya kumi, mwezi unaofuata.*

Shafat,

Arishat yuko Utika, shangazi yake anaumwa. Barua yako ilifika juzi. Mimi sijui kusoma na nilikuwa na hamu ya habari. Gersakun alikuwa amekaa hapa. Gersakun anajua kusoma.

Alisoma yote. Alipofika kwenye samaki alidhani ni kiatu, akauliza, nikasema endelea. Alisoma habari ya Wagali, akasoma habari ya nguzo, akasoma habari ya jino. Upinde ulipovunjika nilimwambia arudie, nikidhani amekosea. Akarudia. Alipofika mahali pa konokono waliooza alikunywa maji, akapasoma kwa sauti ndogo. Ni mtu mwaminifu. Hakuruka neno.

Sikulala siku mbili. Miaka miwili nimekaa na ule mti. Nimeuongelesha kuliko nilivyomwongelesha marehemu mke wangu, anisamehe. Na wewe ukauvika mkate.

Nilitaka niandike neno moja tu, usirudi. Lakini nilimwahidi mama yake Arishat kwenye kitanda chake cha mwisho kwamba sitaamua jambo la mtoto nikiwa na hasira, basi nimengoja hasira ishuke. Haijashuka, imechoka tu. Hukumu yangu ni hii. Mkate ndio ulioniua, mkate ndio utakaokuhukumu. Nimesimamisha nguzo uani, mlingoti wa mashua, mrefu kuliko nyumba. Siku ya sikukuu ya zabibu utasimama mlangoni na kombeo. Ukiuangusha mkate kabla jua halijazama, utaula kwangu na utamwoa Arishat. Usipoangusha, Arishat ni wa Gersakun, na wewe utakwenda kuwatundikia hao ndugu zako mpaka uzeeni.

Bodashtart

Mimi Gersakun, niliyeandika haya kwa mkono wangu, naongeza kwa ruhusa ya mzee: naoga kila siku. Ni kazi ndiyo inayonuka. Safari njema.

*Karthago. Siku ya kumi na sita, mwezi uleule.*

Shafat,

Nimerudi leo, nimekuta mlingoti uani kwetu na majirani wamepanda juu ya ukuta wanapima kwa macho. Baba haongei na mimi. Anakula amenigeuzia mgongo. Barua zako zote za nyuma amezipeleka kwa karani wa hekalu asomewe upya, chini mpaka juu. Ya punda alicheka, karani ameniambia, halafu akakumbuka kwamba amekasirika.

Nimelia, sasa nimeacha. Nakuuliza jambo moja na unijibu bila samaki. Umekaa na hao watu miezi yote hii, umebeba mawe yao, umewaona kila asubuhi. Unaweza kurusha? Hata kidogo?

Gersakun anasema ukishindwa hatafurahi, na nadhani ni kweli. Lakini atanioa.

Arishat

*Lilibayo. Siku ya tatu, mwezi wa Etanim.*

Arishat wangu,

Siwezi.

Nimeelewa sasa kwamba mtu anaweza kukaa miezi chini ya nguzo na asijifunze kitu isipokuwa kuinama. Nilimwonyesha Nispal barua yako, akasomewa, akavua kombeo aliyokuwa ameifunga kichwani akanipa. Hiyo hajampa mtu tangu azaliwe. Akanifundisha siku saba. Siku ya kwanza jiwe lilikwenda nyuma. Siku ya pili lilikwenda nyuma mbali zaidi, akasema angalau kuna nguvu. Siku ya tano yule punda wa mpishi aliponiona nimeshika kombeo alikata kamba akakimbilia baharini. Siku ya saba niligonga nguzo, lakini nilikuwa nimelenga hema.

Jana Nispal alinikalisha chini. Aliniuliza, unadhani sisi watoto wa visiwani tulikuwa tunapiga mkate tukiwa na miaka minne? Nikasema ndivyo mlivyoniambia. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akaniambia haya, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Hakuna mama kwetu aliyemlaza mtoto na njaa. Mkate una uzi. Mama anakaa chini ya nguzo anasuka kikapu, uzi uko chini ya paja lake. Mtoto akirusha na jua likiwa linazama, mama anavuta. Mtoto anakula anajiona shujaa. Na kesho yake anarusha vizuri zaidi, kwa sababu anadhani anaweza."

Nikamwuliza wewe ulijua lini. Akasema alipokuwa na mke na mtoto, akamwona mke wake amekaa chini ya nguzo na kikapu ambacho hakiishi kusukwa.

Basi umeelewa. Mkate wewe ndiye utakayeutundika, baba yako mgongo haumruhusu kupanda. Uzi uwe mwembamba, wa kitani, upite kwenye mzabibu ushuke mpaka ulipokaa. Nikirusha jiwe la mwisho, vuta. Najua si haki. Lakini hata wao wenyewe, waliovunja ngao za Wagiriki, walianza hivyo.

Jemadari ameniruhusu, vita vimesimama mpaka majira ya baridi yapite. Naja na vipande viwili vya upinde na kombeo moja.

Barua hii ichome.
Shafat

*Karthago. Siku ya ishirini na moja, mwezi wa Bul.*

Kwa Nispal, mkubwa wa wapiga kombeo wa visiwani, kambini Lilibayo. Karani wa mpishi amsomee taratibu, na karani mwenyewe asicheke.

Bwana Nispal,

Mimi ni Bodashtart, fundi wa pinde. Hatujuani. Mpwa wako mwenye jino alivunja kazi yangu ya miaka miwili. Hilo nimelisamehe, sitaki lirudiwe. Nakuandikia kwa sababu kombeo yako iko ukutani kwangu kati ya pinde zangu, na inafaa ujue ilifikaje pale.

Siku ya sikukuu ya zabibu uani kwangu palijaa. Mtaa mzima ulikuja, wengine na zabibu zao. Shafat akasimama mlangoni, amekonda, masikio mekundu. Sheria niliyompa ni mawe atakayo mpaka jua lizame. Jiwe la kwanza lilivunja mtungi wangu wa maji. La pili hatukuliona tena. La tatu lilipita juu ya ukuta, na baada ya muda jirani akaja amelishika mkononi akauliza ni la nani. Hivyo hivyo mchana kutwa. Watu walianza kwa kucheka, baadaye wakaacha kucheka, na hiyo ni mbaya zaidi. Yule kijana jasho linamtoka, mkono umevimba, haketi, hanywi. Mkate uko juu umetulia.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na nguzo, kwa kuwa ni mwamuzi. Binti yangu Arishat amekaa karibu na mtungi uliovunjika, anajifanya anachambua dengu. Ndipo nikaona uzi. Usinishangae. Mtu aliyesokota nyuzi za pinde miaka arobaini na tano anaona uzi hata kwenye mzabibu. Na huu ulikuwa wangu, wa kitani, mwembamba, nilioutafuta karakana nzima siku tatu. Umetoka kwenye mkate, umepita kwenye majani, umeshuka mpaka chini ya dengu.

Nikaelewa yote palepale. Damu ikapanda. Nikafungua kinywa niwafukuze wote wawili mbele ya mtaa.

Jua likawa linagusa ukuta. Shafat akaokota jiwe lake la mwisho. Arishat akavuta. Hakuna kitu. Akavuta tena. Nikatazama, nikaona Gersakun mtia rangi, maskini, amesimama juu ya uzi na viatu vyake vikubwa, hana habari, anakula zabibu. Binti yangu anavuta na uzi umemkata vidole, damu inadondoka kwenye dengu, machozi yanamtoka na anajaribu kutabasamu ili nisione. Mama yake alipokufa mtoto huyu alikuwa na miaka mitano. Mimi nilikuwa sijui hata kupika uji. Tulikula mikate ya kununua mwaka mzima, kwa baba yake huyo Shafat.

Jiwe likatoka. Lilikwenda upande wa bandarini; watu jua liliwapiga machoni, mimi tu ndiye niliyeliona.

Mimi nina mgongo mbovu, mtaa wote unajua. Ukaniwasha. Nikaegemea ile nguzo nikajikuna, nikajikuna kwa nguvu, na mkate ukaanguka.

Arishat, mbona umeacha kuandika. Andika. Mbona unanitazama hivyo. Andika, mwanangu, mtu wa watu anangoja barua.

Basi, Bwana Nispal, kelele zikawa kubwa. Shafat akamkimbilia Arishat akamnong'oneza asante. Nilisikia. Alidhani uzi ndio uliofanya kazi. Arishat naye alimtazama kama mtu aliyeangusha mnara, kwa kuwa yeye alijua uzi haukuvuta, akadhani jiwe limepiga kweli. Nikawaacha hivyo. Tumefunga ndoa siku ya pili. Gersakun alileta ile nguo ya zambarau, akasema aliinunua kwa ajili ya Arishat na Arishat aivae. Tulipokula nilimketisha karibu yangu, na madirisha hatukuyafungua.

Juzi Shafat alilewa kidogo akanieleza habari ya mama zenu na vikapu vyao. Nilikuwa sijaambiwa na mtu. Nilidhani hila ya kumwangushia mtoto mkate nimeibuni mimi siku ile.

Jeshi lako likihitaji pinde, ninazo thelathini. Likihitaji nguzo ya mkate, mwombe mtu mwingine.

Bodashtart

(Samaki)

Bwana Nispal, mimi ni Arishat. Hii ni barua ya kwanza ya baba niliyoiandika bila kupunguza neno. Pale nilipoacha kuandika wino ulimwagika, utaona.

Shafat usimwambie kitu ukikutana naye. Bado anaamini ni mimi, na kila asubuhi ananiletea mkate wa moto kwa shukrani. Unanifaa.

Nilipomaliza kuandika nilimwuliza baba kwa nini hajaung'oa ule mlingoti, unaziba jua uani. Alisema niuache, wajukuu watakuja. Nilitoka nje nikautazama vizuri. Uzi ameshaufunga.

Arishat binti Bodashtart